Kinyozi Amiri na Mafuta Yasiyochanganywa

Ukitaka kumuudhi Amiri Likwata usihangaike kumtukana. Mwambie tu kwamba mafuta yake yamechanganywa.

Amiri ni kinyozi wa Kilwa Kivinje. Banda lake liko jirani na soko: kiti kimoja cha kuzunguka ambacho siku hizi hakizunguki, kioo chenye ufa, na rafu ya vichupa vya manukato ambayo yeye anaiona ndiyo kazi yenyewe, kunyoa ni kisingizio tu. Ukishanyolewa, Amiri anakupaka. Hakuulizi. Anachovya kijiti cha kioo kwenye udi au miski, anakugusa nyuma ya masikio na juu ya mkono, kisha anarudi nyuma kidogo kukutazama kama fundi aliyemaliza kuezeka. Wapo waume za watu walioingia mle kupunguza ndevu, wakatoka wananukia kiasi kwamba walipofika nyumbani waliulizwa walikuwa kwa nani.

Sasa, pwani hii mafuta mazuri hupakwa kama yalivyo. Udi ni udi. Anayeuongezea mafuta ya nazi ili chupa ijae ni mwizi, hata kama anaswali safu ya mbele. Hivyo ndivyo Amiri alivyolelewa na marehemu baba yake, naye kinyozi, na hilo analishika kuliko mambo mengi aliyofundishwa chuoni alikosoma Kurani. Kuna muuza manukato mmoja aliyewahi kumuuzia miski iliyochakachuliwa, na mpaka leo wakikutana njiani Amiri anausalimia ukuta.

Mtu huyu, aliyewanyoa na kuwapaka mabwana harusi wa mji mzima, yeye mwenyewe alifika umri wa mvi bila kuoa. Si kwamba hakutaka. Tatizo lilikuwa pua yake, na ule mdomo uliokaa chini ya pua. Ujanani alipelekwa kuona mchumba, akakaribishwa sebuleni, akavuta pumzi, akawaambia wakwe watarajiwa kwamba nyuma ya kabati kuna panya aliyekufa. Panya alikuwepo kweli, lakini mke hakupatikana. Na ukijaribu kumwambia kwamba yale hayakuwa maneno ya ugenini, anakuuliza, "Kwani panya hakuwepo?" Ndiye Amiri huyo. Haambiliki.

Basi akampenda Bi Kazija, na hapo ndipo kutoambilika kulipoanza kumgharimu.

Bi Kazija anakaanga mihogo na pweza jioni kwenye baraza ya nyumba yake, mtaa wa pili kutoka bandani kwa Amiri. Ni mwanamke mnene wa wastani, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu aliyeko ng'ambo. Amiri hapendi pweza. Anasema ni kama kutafuna kandambili. Lakini alikula pweza wa Kazija kila jioni kwa mwaka mzima na zaidi, akiwa amekaa kwenye benchi lile lile, akisifia pilipili. Mji mzima ulijua anakula nini na kwa nini. Kazija naye alijua, akamwacha atafune.

Amiri alipomtuma rafiki yake Twalib kupeleka posa, jibu lilikuja na sharti moja. Kazija alikuwa mtalaka. Mume wake wa kwanza aliambiwa mtumbwi unavuja, akasema hauvuji, unatoa jasho. Kuna mambo mengine mengi aliambiwa, na yote alikuwa na majibu yake.

"Mwambie huyo kinyozi," Kazija alimwambia Twalib, "sura yake naiona, kazi yake naijua, na mvi zake hazinisumbui. Ila mimi nataka mwanamume anayeambilika. Mwingine wa kubisha sitaki. Siku nikigundua kaniambia ndiyo mdomoni na hapana moyoni, ndiyo siku tunaachana."

Twalib aliyafikisha maneno kama alivyopewa. Twalib ni mtu wa kufikisha. Alikuwa mlinzi wa getini kwenye kiwanda cha gesi kule Songo Songo mpaka alipostaafu, na hata leo ukimtembelea anakuuliza kama una kiberiti mfukoni.

"Mimi?" Amiri akasema. "Mimi mbona naambilika sana. Nani anasema siambiliki? Alete ushahidi."

Twalib akarudisha jibu kwamba sharti limekubaliwa. Tarehe ikapangwa.

Hapo ndipo likaingia boksi. Nasma, binti wa dada yake Amiri anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuja likizo kumsaidia mjomba maandalizi ya harusi, na zawadi yake ilikuwa boksi la vichupa vidogo vya kahawia: mdalasini, karafuu, mnanaa, mkaratusi, mchaichai. Si manukato ya dukani, ni mafuta yenyewe ya mimea, yaliyokamuliwa mpaka gunia zima la majani likaingia kwenye kichupa. Amiri alifungua cha mdalasini, akanusa, akakaa chini. Alisema baba yake angekuwa hai angelia. Kisha akalia yeye kwa niaba.

"Lakini mjomba, nisikilize," Nasma akasema. "Haya ni makali. Hayapakwi hivi hivi. Unatia matone machache kwenye kijiko cha mafuta ya nazi, unajaribu kidogo mkononi, unasubiri mpaka kesho uone kama ngozi inayakubali. Mdalasini ndiyo usiucheze kabisa, na ngozi iliyotoka kunyolewa usiiguse nayo. Hayanywewi. Hayasogezwi karibu na moto. Na ukiyafungua, fungua na dirisha."

Amiri alikuwa amesikia neno moja tu katika hayo yote. "Mafuta ya nazi? Niyachakachue?"

"Si kuchakachua, mjomba. Ndivyo yanavyotumika."

"Mwanangu, hata yule mwizi wa miski alisema hivyo hivyo."

Nasma akarudi Dar akiwa ameahidi kuja siku ya harusi, na Amiri akabaki na vichupa vyake na fikra zake. Majuma yaliyofuata hayakuwa mazuri kwa viumbe wa nyumba ile. Alidondoshea mkaratusi sakafuni ili chumba kinukie. Paka wake, aliyekuwa analala chini ya kitanda tangu utoto, alitoka, akapiga chafya mlangoni, akahamia kwa muuza samaki na hajarudi. Twalib alikuja na kikohozi, akataka atiliwe mnanaa kwenye chai. Amiri alikuwa ameshainamisha kichupa, bahati kikombe kikapinduka. Chai ilimwagika yote, na Twalib akapona kikohozi mwenyewe kama wanavyopona watu.

Halafu ikaja Ijumaa ya chetezo.

Kila Ijumaa Amiri hufukiza kanzu yake. Huwasha makaa, huyatia kwenye chetezo, huweka udi juu, hutandaza kanzu moshi uipande. Ijumaa ile akasema, kwa nini udi wa vipande wakati kuna mafuta yenyewe? Akainama juu ya makaa akamimina mnanaa.

Tuseme tu kwamba moto ulipanda. Ulipanda ukashuka kwa kupepesa macho, ukaacha nyumba salama, kanzu salama, macho salama, na nyusi hakuna. Zote mbili. Alichobaki nacho usoni ni mshangao wa kudumu, na wateja waliokaa kwenye kiti siku ile walidhani amewaona na kitu kichwani. Kinyozi kukosa nyusi ni aibu kubwa, maana watu huuliza nani kakunyoa. Akachukua wanja akazichora. Amiri ni stadi wa kunyoa, kuchora si fani yake, na nyusi ya kushoto ilikaa juu kuliko mwenzake.

Kazija aliziona jioni ile ile, kwa mwanga wa moto wa kikaango. Hakucheka. Hilo lilimtisha Amiri kuliko kama angecheka.

"Nini kimekupata?"

Akaeleza, akipunguza hapa na pale. Kazija akageuza muhogo, akafikiri. Kesho yake asubuhi alikwenda zahanati kwa rafiki yake Cecilia, muuguzi, Mmwera wa Rutamba asiye na mzaha na afya ya mtu, akamweleza habari za boksi. Aliporudi alipitia bandani moja kwa moja, mteja akiwa kwenye kiti na povu kidevuni.

"Cecilia anasema kama alivyosema Nasma," Kazija akasema. "Mafuta yale ukiyapaka matupu yanaunguza. Yachanganye na nazi. Na yakikuunguza usikimbilie maji, maji hayayatoi, yanayatembeza tu. Pangusa kwa mafuta ya kupikia kwanza, ndiyo uoge kwa sabuni. Na paka asingekuhama bure. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Siku ya harusi unataka kunukia, nukia. Nami nataka. Lakini utachanganya?"

"Nitachanganya, Bi Kazija."

"Niangalie usoni."

Akamwangalia usoni, nyusi moja juu moja chini. "Nitachanganya."

Alisema kweli, wakati anasema. Hilo nalitetea. Amiri si mwongo, ni mbishi, na mbishi mara nyingi anakubali kwa moyo mweupe kabisa mpaka anapobaki peke yake.

Alibaki peke yake asubuhi ya harusi. Alikuwa amejinyoa, na alijinyoa kama alivyowanyoa mabwana harusi wengine, yaani pote panaponyolewa. Mbele yake chupa ya mafuta ya nazi, kijiko, na kichupa kitupu kizuri cha kioo alichokirithi kwa baba yake. Akamimina mdalasini, karafuu na mnanaa kwenye kichupa, akatikisa, akanusa. Harufu ilikuwa kitu cha kumfanya mtu asamehe madeni. Akachukua kijiko cha mafuta ya nazi, akakileta mpaka kwenye mdomo wa kichupa, na mkono ukakataa. Akajaribu tena. Ukakataa. Akamuona baba yake. Akamuona yule mwizi wa miski akicheka. Akajiambia kwamba udi amejipaka maisha yake yote mtupu na ngozi yake ni ngozi ya ukoo wa manukato, kwamba Cecilia ni mtu wa sindano, na kwamba siku moja haiui. Akakimimina kijiko kwenye nywele zake, ili kisipotee, akafunga kichupa.

Kisha akajipaka. Masikioni, shingoni, kifuani, makwapani, na mahali pengine ambapo bwana harusi hujipaka na mimi sipataji.

Kwa dakika chache za mwanzo mnanaa humpoza mtu. Amiri alitembea mpaka kwa Kazija, Twalib akiwa mpambe wake kando, akihisi upepo wa baharini ndani ya kanzu. Alikuwa na furaha kubwa, kiasi kwamba aliusalimia ukuta na mwizi wa miski aliyesimama mbele yake.

Nikaha ilikuwa uani kwa bibi harusi, chini ya turubai. Mkekani alikaa Sheikh Abdulwahab, mzee mwenye ndevu ndefu nyeupe na masihara kidogo sana. Pembeni yake Shaaban, kaka mkubwa wa Kazija, mvuvi aliyekuja kutoka Kiswere kumwozesha dada yake, mtu wa maneno makali na mikono mikubwa. Wageni walijaa mpaka barazani. Jikoni nyuma ya uzio wa makuti wanawake walikuwa na sufuria za wali na madebe ya mafuta ya nazi, samaki wakisubiri kukaangwa. Na chumbani, nyuma ya dirisha lenye pazia la waridi, Kazija alikuwa amekaa amepambwa, ametoa idhini yake, anasikiliza.

Kama desturi ilivyo, kabla ya hotuba wageni hupakwa mafuta. Amiri alikuwa amempa Twalib kichupa cha baba yake na maneno haya: "Usibane. Leo si siku ya kubana." Twalib hakubana. Alizunguka safu kwa safu akichovya na kupaka, na kila mgeni akafanya anavyofanya mgeni mwenye adabu: akausugua mkono kwa mkono, akajipitisha ndevuni, kooni, kwenye mashavu. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyejigusa machoni. Sheikh Abdulwahab alipakwa mara mbili, kwa heshima ya elimu, akajipaka hadi juu ya mdomo.

"Mashaallah," alisema. "Haya ni mafuta."

Hotuba ikaanza. Ilianza taratibu, kwa sauti ile ya Sheikh inayojulikana, inayomlaza mtu na kumwamsha. Baada ya muda kidogo ikaanza kwenda mbio. Wageni wakatazamana; hawakuwahi kumsikia Sheikh akiharakisha kitu. Ndevu zake zilikuwa zinatetemeka. Mzee mmoja wa safu ya mbele akaanza kujikuna shavu, jirani yake naye, na mkuno ukasafiri mpaka barazani.

Amiri hakuhitaji kuambiwa. Kule makwapani upepo wa bahari ulikuwa umekwisha, kumekuja kikaango. Na kule kwingine ambako nimesema sipataji, hali ilikuwa mbaya zaidi. Alikaa amekunja miguu mkekani, mkono wake ndani ya mkono mkubwa wa Shaaban, jasho likimtoka, wanja ukiteremka mashavuni mistari miwili, akitabasamu kwa nguvu zake zote.

"Bwana harusi analia," mtu akanong'ona nyuma. "Ana mapenzi huyu."

Sheikh akakatiza hotuba. "Jamani," akasema, "mimi ndevu zinawaka."

Hapo uani kukawa si uani tena. Wazee walinyanyuka, kofia zikaanguka, watu wakalivamia pipa la maji wakajimwagia na kujisugua, na kadiri walivyojisugua ndivyo moto ulivyopata nafasi ya kutembea. Aliyekuwa anawaka shavu sasa anawaka na shingo. Twalib alinusa vidole vyake, akanusa hewa, na miaka yake yote ya getini ikamrudia.

"Gesi!" akapiga kelele. "Gesi imevuja! Zimeni simu! Zimeni jiko! Kusanyikeni sehemu moja nihesabu watu!"

Hakuna aliyekusanyika. Songo Songo iko ng'ambo ya bahari na hapa jiko ni la kuni.

Ni Shaaban aliyetuliza watu, kwa lile koo lake la kuita ngalawa. Alikuwa anawaka kiganja, lakini hasira ilimzidi maumivu. "Kimya! Hii si gesi. Hii ni kazi ya mtu. Namjua. Ni yule mume wa zamani wa dada yangu! Alisema harusi hii haitapita salama. Ametutupia kitu!"

"Lazima!" mtu akasema. "Yule bwana ana macho mabaya."

"Sheikh, tusomee!" wengine wakadakia, wakiendelea kujimwagia maji.

Amiri alikuwa amebaki peke yake mkekani. Na hapo, ndugu msomaji, mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa wazi mbele yake, na aliyeufungua ni shemeji. Hakutakiwa hata kudanganya. Alitakiwa kunyamaza tu. Mume wa zamani angebeba lawama, ambazo alizizoea, Sheikh angesoma, mafuta yangepoa yenyewe baada ya saa moja au mbili, nikaha ingefungwa, na Kazija angekuwa wake. Angesema, angempoteza. Alilijua hilo wazi kabisa. Alilitazama lile pazia la dirishani, na hofu ikamuunguza kuliko mafuta.

Kisha akamuona Sheikh Abdulwahab akichota maji tena, kope zake zimeloa, akiyapeleka ndevuni.

"Acheni maji!" Amiri akasimama. "Sheikh, acha maji! Hayasaidii! Hakuna mchawi. Ni mimi."

Mikono ikatoka pipani.

"Ni mafuta yangu. Ni makali, yalitakiwa yachanganywe na nazi. Niliambiwa na mpwa wangu, nikaambiwa na..." Akaligeukia dirisha. "Nikaambiwa na Bi Kazija. Nikamwahidi nitachanganya. Sikuchanganya. Nisameheni. Leteni mafuta ya nazi yote yaliyoko jikoni, na vitambaa vikavu. Kaeni chini kama mko bandani kwangu."

Hapo akawa kinyozi. Huenda ndiyo ilikuwa saa yake bora, ingawa alikuwa anatembea amepanua miguu. Alianza na Sheikh, akamwinua kidevu kwa vidole viwili kama anavyofanya kila siku, akamimina mafuta ya nazi kwenye ndevu, akazipangusa kwa kitambaa kutoka shinani kwenda nchani, akarudia, kisha akamkabidhi sabuni. Akaja kwa wazee, kisha wengine, shavu kwa shavu. Cecilia alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaona kazi inavyofanywa, akavuta kitambaa akasaidia bila kusema kitu, ila macho yalisema. Moto ukaanza kuzimika uso mmoja baada ya mwingine, na watu wakapumua. Nasma alishika madebe, akipita kwa mjomba wake kila mara bila kumwambia "nilikwambia", na hiyo ni heshima ambayo mimi nisingeiweza.

Wa mwisho kabisa alikuwa Amiri mwenyewe. Alichukua kopo moja la mafuta, akaenda nyuma ya uzio wa choo, akakaa huko kitambo. Waliokuwa jirani wanasema walimsikia akimshukuru Mungu kwa sauti ya juu.

Alipotoka, Shaaban alikuwa amesimama dirishani, amempa kila mtu mgongo. Uani kulikuwa kimya, na maneno yote yalisikika.

"Dada, umesikia. Kakuahidi, kakudanganya. Nikaha sijaifunga bado. Sema neno, huyu arudi kwenye viwembe vyake."

Pazia halikutikisika. Amiri alisimama na kopo lake tupu, uso mweusi wa wanja, akafikiria benchi lile na jioni zote zilizobaki za maisha yake bila mtu wa kumsifia pilipili.

"Kaka," sauti ya Kazija ikatoka, "alikamatwa, au amejisema mwenyewe?"

"Amejisema."

"Ulikuwa umeshamshuku?"

Shaaban akakohoa. "Nilikuwa namshuku mwingine."

"Na yeye alijua kwamba unamshuku mwingine?"

"Nilipiga kelele, dada. Hata samaki walijua."

Halafu kwa ndani kikasikika kitu kama mtu anayepaliwa na chai. Kazija alikuwa anacheka. Alicheka mpaka wapambaji wakaanza kumlalamikia poda inaharibika, na katikati ya kicheko kile sauti yake ilikuwa imelowa.

"Mimi sikutaka asiyekosea," akasema alipopata pumzi. "Nilichoka na wa kusimama mbele yangu na kosa mkononi akiniambia si lake. Nenda ukamwozeshe, kaka. Na mumuoshe uso."

Basi nikaha ikafungwa. Shaaban alimshika Amiri mkono, ukateleza kwa mafuta. Akaushika tena, ukateleza. Mara ya tatu akaushika kwenye kifundo kama anayekamata kibua. Sheikh Abdulwahab, ndevu zimeng'aa kuliko siku yoyote ya maisha yake, alisoma kwa mwendo wake wa kawaida, na Amiri akakubali kwa sauti iliyofika sokoni. Samaki waliliwa chukuchuku, kwa kuwa mafuta ya kukaangia yalikuwa yameishia kwenye nyuso za wageni. Hakuna aliyelalamika. Uani kote kulinukia mdalasini na nazi, kama asubuhi mtu anapopika vitumbua, na watoto wa mtaa walikuja mara mbili kuuliza vinauzwa wapi.

Ndipo bwana harusi akaingizwa chumbani kumpa mkono mkewe. Kazija alikuwa amekaa kitandani na hina yake na dhahabu zake, mzuri kiasi kwamba Amiri alisahau miguu inavyotakiwa kutembea. Alimpa mkono. Kazija akaushika, akaupeleka puani, akanusa polepole.

"Sasa ndiyo yananukia vizuri," akasema. "Mwanzo yalikuwa yanapiga kelele."

Amiri akanusa mkono wake mwenyewe. Pua ile haijui kudanganya, hata inapomuumbua mwenyewe. Mdalasini ulikuwa umelainika ndani ya nazi, umekaa, umetulia. Yalikuwa mafuta mazuri kuliko yote aliyowahi kuyatengeneza, na yalikuwa yamechanganywa.

"Vile vichupa vilivyobaki," Kazija akaendelea, "vitakaa juu ya kabati, mbali na moto na watoto wa watu. Na hutavifungua mpaka mimi niwe nimesimama pale na chupa ya nazi."

Amiri akafungua kinywa. Alikuwa na hoja. Alikuwa nazo tatu, na ya pili ilikuwa nzuri kweli. Kazija akamtazama, akisubiri. Nje watu walikuwa wanacheka jambo fulani, pengine ni yeye.

"Sawa, mke wangu," akasema.

Neno hilo hakuwahi kulitumia maishani. Akaona lina utamu wake, akalirudia.